Mto Unaohesabu Watu

Brisbane, Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Nakusalimu wewe na mama, na nyumba yote ya Makomeno. Mguu wako umekubali kukanyaga chini, au bado unautisha kwa fimbo? Na mama, kikohozi cha vumbi kimemwacha? Sisi huku tuko wazima. Mume wangu amepata zamu za mchana, watoto wanasoma. Mijakaranda imechanua, rangi ileile kama ile ya barabarani kwetu, na mwezi uleule wa kumi. Siku ya kwanza kuiona nilisimama kama mtu aliyeitwa jina.

Barua hii anakuletea Mama Odette, anayekuja huko kwenye arusi ya mdogo wake. Sikutaka kukuambia kwa simu. Kwa simu ungesema "hapana" kabla sijafika katikati, halafu mtandao ungekatika, hasa upande wako.

Baba, nina kosa la kukiri. Nimepanda bato la mtoni.

Sijasahau. Nilikuwa kwenye mkeka karibu na mama siku uliposimama mbele ya watu wote kwenye matanga ya yaya Kasongo, kaka yetu mkubwa, ukasema: "Mimi nilitumika kazi ya reli maisha yangu yote. Reli inahesabu hata behewa tupu. Mto hauhesabu muntu. Kuanzia leo, mutoto wangu asikanyage bato." Tukajibu sote, ndiyo, Baba. Nakumbuka pia kwa nini matanga yalichelewa wiki tatu: bato lilipozama Lualaba, kule Bukama hakuna aliyekuwa na orodha. Mwenye bato alisema walikuwa themanini, wengine wakasema mia mbili, na jina la yaya halikuwa popote. Tulimlilia kwa kukisia.

Miezi saba ya kazi huku nilitii. Nafua mashuka katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto, na kila siku nilizunguka kwa mabasi mawili, saa moja na nusu. Chantal, Mrundi tunayefua naye, anapanda bato na kufika kwa dakika ishirini na mbili. Hachoki kunicheka.

"Mukongomani anaogopa maji! Si ninyi wenye mto unaomeza nchi nzima?"

"Huo uko na wenyewe," namjibu. "Sisi Lubumbashi tuko na shaba. Shaba haizamishi muntu."

"Basi panda hiyo shaba yako, tuone utafika saa ngapi."

Jumatatu moja ya mwezi uliopita magari yaligongana darajani, barabara ikafungwa. Chantal alinishika mkono tukashuka mtoni. Mlangoni mwa bato alisimama mfanyakazi mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, ameshika kidude cha chuma kinachojaa kiganjani. Kila mtu akivuka, kidole chake kinabonyeza: ta. Mwingine: ta. Nilipofika mbele yake nilisimama, nikamwambia kwa Kiingereza changu: "Numbi Marie, binti wa Ilunga Banza, Makomeno, Lubumbashi."

Watu nyuma yangu walirefusha shingo.

"Mama, mimi nahesabu vichwa tu," akasema. "Jina si lazima."

"Basi nani atajua kwamba nilikuwa ndani?"

Chantal alifunika uso. "Yesu wangu! Numbi, huyu si polisi, pita!"

Lakini mzee yule hakucheka. Aliniomba nirudie, akalitamka polepole mpaka likakaa sawa mdomoni mwake, Numbi, ndipo akabonyeza. Ta.

Sasa nikueleze mto wenyewe. Maji yake ni ya udongo, kama ulivyotusimulia ya Lualaba, nayo yanapita katikati ya mji bila haraka, yakijipinda mara kwa mara. Majumba ya vioo yanasimama mpaka ukingoni, na asubuhi jua linapogonga vioo vile, mto wote unawaka. Bato halina mtikisiko. Lina matumbo mawili, linateleza juu ya maji kama pasi juu ya shuka. Tulipita chini ya daraja lile ambalo miezi saba nililivuka kwa juu. Nikainua macho, nikaona chuma kile chote, misumari kwa maelfu, na magari yaliyokwama yamejipanga juu ya vichwa vyetu. Niliogopa, kweli. Lakini ilikuwa hofu ile ya kanisani mtoto anapotazama dari mara ya kwanza.

Nitasema ukweli wote, kwa sababu kitabu changu ninachoandika kila siku kinanishuhudia. Siku ya kwanza nilipanda kwa lazima. Jumanne barabara ilikuwa wazi, nami nikapanda kwa kupenda. Niliuliza tutangoja mpaka saa ngapi lijae. Kabla Chantal hajanijibu, likaondoka na watu kumi na mmoja, viti zaidi ya mia vikiwa wazi! Jumatano na Alhamisi, tena.

Ijumaa kulikuwa na mchezo wa mpira, na watu wengi gatini. Mzee alibonyeza, akabonyeza, kisha akavuta mlango mbele ya bwana mmoja wa suti.

"Limejaa."

"Mimi ni mmoja tu!"

"Ndiyo. Huyo mmoja ndiye anayezidi."

Bwana yule akaguna, akarudi nyuma. Hakumwita mkubwa yeyote amfungulie. Nikatazama nafasi iliyobaki kati yetu: kwetu wangekaa watu thelathini hapo, na mbuzi, na magunia ya makala ya jikoni. Bwana akabaki gatini amenuna, anatazama saa yake. Ndani yake nikamwona yaya Kasongo. Laiti kuna mtu angemfungia mlango usoni siku ile, angetukana, angelala Bukama na hasira zake, na leo angekuwa hai. Nililia mpaka tukafika.

Tangu siku hiyo sijapanda tena. Nimerudi kwenye basi. Kazini wamenipa nafasi ya kuongoza kundi la asubuhi, linaloanza saa kumi na mbili kamili. Basi haliwezi kunifikisha saa hiyo, bato linaweza. Wanataka jibu mwisho wa mwezi ujao. Neno lako ulilisema mbele ya watu, nami sitaki uliondoe kwa kuninong'oneza. Waite wote, Baba: mama, shangazi Mujinga wa Kasungami, aliyeshika kichwa cha mama siku ya matanga, mdogo wangu Banza, akipata mapumziko kule mgodini Kinsevere, na mama Sifa, mjane wa yaya. Wasomee barua hii yote. Wasalimie kila mmoja kwa jina. Mama Sifa akisema hapana, ni hapana, na kundi la asubuhi ataliongoza mwingine.

Juzi asubuhi na mapema basi letu lilisimama darajani kwenye foleni. Bato likapita chini, taa zake bado zinawaka, na mzee wa ndevu amesimama mlangoni. Baba, nilitamani kuwa ndani.

Anayengoja neno lako,
binti yako,
Numbi