Kipokezi cha Jikoni

Mikumi, katikati ya Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje tangu baridi ianze? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Nimeandika kwenye karatasi kwa kuwa simu yako hupokelewa na kaka Herman, na haya sitaki ayasome. Teresia atakukabidhi mkononi.

Kipokezi nilichokiweka kwenye rafu ya bati jikoni kwako ndicho cha kwanza kukiunda mwenyewe. Tembo akisukuma kamba pembeni mwa shamba, nguzo iliyofungwa kamba hiyo inarusha ishara fupi, dhaifu, iliyotawanywa kwenye masafa mapana ya redio. Kipokezi hakihangaiki kuielewa yote. Kinasinzia, kinafumbua jicho kidogo, kinauliza tu kama kuna kitu au hakuna, kisha kinasinzia tena. Ndiyo maana betri za tochi zinakitosha msimu mzima. Kikisikia, kinapiga honi.

Cha Mzee Mwinshehe, jirani yetu, kinapiga. Chako kimya, na tembo wamekula mahindi mpaka karibu na ghala. Ofisini wanataka kuufunga mradi.

Nikaanza kushuku watu. Kwanza Yassin, mwenzangu kazini, kwamba amelehemu ovyo. Nikaifumua kazi yake mbele yake, na tangu hapo salamu yake ni ya mdomoni tu. Nikamshuku Herman, kwamba anachomoa betri aweke kwenye redio. Nikamshuku hata Mzee Mwinshehe, maana ndiye aliyeeneza kwamba visanduku vyangu vinaipimia hifadhi mashamba yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na bado nikapekua nguo za wenzangu.

Jumapili nilipokuja nilisoma kumbukumbu ya kipokezi. Nguzo hukisalimia kila mara, nacho huzihifadhi hizo salamu. Mchana kinasikia vizuri; jua likizama kinakuwa kiziwi, likichomoza kinapona. Betri haijui magharibi, Mama. Huyo ni mtu. Halafu nikaona masizi kwenye rafu, duara limekizunguka kisanduku.

Nikakumbuka siku ile ulivyoniuliza kinasikiaje kupitia ukuta. Nilikujibu kwamba udongo haukisumbui, chuma ndicho kinachokiziba. Ukauliza kama hata sufuria. Nikacheka, nikasema hata sufuria.

Nilikasirika, kisha nikalia. Najua sababu. Honi ikilia, Herman hutoka na tochi na debe, kama alivyotoka Kasiani wa mjomba msimu uliopita, tukamzika. Umeona heri yaliwe mahindi kuliko afe mwanao. Lakini tembo wamefika ghalani. Herman akitoka kujisaidia bila kusikia chochote, atakutana nao mlangoni.

Yassin nimemwomba radhi, na tunaunda kingine, honi ilie kule kule pembeni, ashtuke tembo na Herman alale. Hadi nikilete, nakusihi, usiku usikifunike tena kwa sufuria, funga mlango, ufunguo lala nao wewe.

Msalimie wifi Happyness na watoto. Herman mwambie tu namsalimu. Ofisini nimesema kosa liko kwenye usanifu wangu, na sikudanganya: nilifikiria tembo, nikafikiria betri, sikumfikiria mama.

Mwanao akupendaye,
Anastazia