Kirando, Damu Inarudi Nyuma

Jumatatu, 10 Juni 2024
Tumeshuka Kirando kutoka Sumbawanga. Baridi tumeiacha juu, vumbi tumekuja nalo. Mashine ya ultrasaundi niliipakata njia nzima, na bado iligongwa mara mbili. Kasmir, dereva wetu, anacheka tu. Eti sisi Wanyakyusa tumezoea kupakata mikungu ya ndizi. Ngoja nimpate.

Kazi yetu ni kutazama damu inavyopita kwenye ini. Kichocho cha ziwani hulitia ini makovu, njia ikaziba, damu ikajaa kwenye mishipa ya koo la chakula. Mishipa ikipasuka mtu anatapika damu, basi tena. Damu inayoingia ini vizuri huonekana nyekundu kwenye skrini. Ikikataliwa ikarudi nyuma — bluu. Dokta Shigela yuko mjini anasubiri majibu ya watu mia mbili.

Jumanne, 11 Juni
Watu wameiogopa mashine. Mzee mmoja kasema wazi kwamba inanyonya damu. Kasmir akavua shati, akalala kitandani mbele ya wote! Mtoto wa hapahapa, kaogelea ziwa hili tangu utotoni, kifua kama mlango. Nikashukuru. Kila asubuhi lazima tujaribu mashine kwa mtu mzima wa afya. Mjini huwa namlaza Halfani wa stoo, huku atakuwa Kasmir.

Bluu.

Barabara hiyo imeshanivurugia mashine! Nikabonyeza kitufe cha kugeuza rangi. Nyekundu safi. Kasmir akawaambia watu neno kwa Kifipa, wakacheka, foleni ikajipanga.

Thelathini na mmoja leo. Ishirini na sita bluu. Ishirini na sita!

Jumatano, 12 Juni
Tena. Mwalimu, bluu. Golikipa wa timu ya kata, bluu. Binti anayeanika dagaa, mashavu yamejaa, anacheka ovyo — bluu. Wote wanasema hawaumwi popote.

Nilifungua sauti ya mashine. Shuu... shuu... Bi Shida, bibi aliyekuwa kitandani, akafumba macho kusikiliza. Akasema sauti hiyo anaijua, ni ya maji yanapoondoka ufukweni. "Yakiondoka hivyo, mwanangu, yanamfuata mtu."

Nikamwambia bibi, hii ni damu yako. Akaitika ndiyo, kana kwamba ndicho alichokuwa anasema.

Jioni nimekaa kibarazani nikiwatazama wanaopita. Wanasalimiana, wanabeba ndoo, na ndani yao wote damu inarudi ilikotoka. Mimi, binti wa mchungaji wa Tukuyu, cheti kiko ukutani, naogopa! Kunawa ziwani sikwenda.

Alhamisi, 13 Juni
Kasmir asubuhi: nyekundu. Hamida, nesi wetu, kaniuliza kwa nini wenye matumbo yaliyojaa maji ndio wanaotoka wazima. Nimemjibu vibaya. Naomba radhi hapa, maana usoni nimeshindwa.

Ijumaa, 14 Juni
Namba tisini na saba, Polikarp, fundi mitumbwi. Bluu. Nikasogeza kidogo, nikaiona ateri, mshipa unaoleta damu ya moyo kwenye ini. Nayo bluu.

Ateri haiwezi! Moyo hausukumi kinyumenyume, hata wachawi wote wa Rukwa wakikesha. Nikakitazama kitufe cha kugeuza rangi.

Kirando haina kitu. Mji mzima uko sawa. Ni mimi niliyeigeuza mashine ili mtu mmoja aonekane mzima.

Kasmir alikuwa ameegemea gari, anakula chungwa. Nikamwita ndani, nikafunga mlango, nikarudisha kitufe. Bluu tupu. Nikashuka upande wa kushoto, mahali ambapo siku zote hizi sikujisumbua kutazama — bandama imevimba hadi usawa wa kitovu. Nikamuuliza kuhusu choo. Kasema cheusi kama lami, wiki ya pili sasa; ni damu inayovuja ndani. Alidhani ni mboga. Nililia mbele ya mgonjwa. Yeye ndiye aliyenibembeleza, eti dada Suma, nyamaza, watu watadhani nimekuposa nikakuacha.

Nimempigia Dokta Shigela. Amri yake: Mbeya, leo hii, mishipa ikafungwe kabla haijapasuka. Gari la wagonjwa limetoka asubuhi na mzazi, halijarudi. Hamida kazunguka mji mzima akitafuta dereva, kapata ahadi ya kesho. Gari letu lipo, mafuta yapo. Anayeweza kuliendesha ni mmoja tu.

Ijumaa hiyohiyo, saa tisa alasiri
Tuko njiani. Naandika ili mikono ipate kazi. Kasmir ndiye anayeendesha, polepole, anapiga mluzi. Hamida yuko nyuma na chupa za dripu. Nimeomba tusubiri hiyo kesho, Kasmir akakataa. Kasema kesho ni ya watu wenye damu nyekundu. Sikucheka.

Tumeanza kupanda mlima. Mluzi umekatika.

Amesimamisha gari. Kasema anakwenda kujisaidia, yuko nyuma ya gari. Mlango kauacha wazi, injini inaunguruma. Hamida kaniuliza kama najua kuingiza gia. Sijui. Hata yeye hajui.

Nimemwita. Nimemwita tena.

Kaitika anakuja. Lakini sauti ni ya mtu aliyejaza maji mdomoni.