Uvimbe Uliodunda

Mfaranyaki, Songea
14 Agosti 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Madaba? Sisi ni wazima, na leo neno hilo naliandika kwa furaha, maana ule uvimbe wa kichwani wa mjukuu wako Paskalina haupo tena. Haupo, mama! Siku nne sijalala usingizi wa maana, lakini nimeshindwa kungoja kukuandikia.

Uliagiza tuupasue kwa wembe, usaha utoke. Mama Kunegunda, jirani yangu, alishachemsha wembe, nami nimemshika mtoto kichwa. Kidole changu kikagusa pale juu ya sikio, nikasikia panadunda kama moyo. Nikamwambia jirani aweke wembe chini. Akanicheka kwamba sisi tuliomaliza darasa la saba tunaogopa hata jipu. Nikamjibu acheke mpaka jioni, mtoto wangu hakatwi.

Basi nikampeleka hospitali. Daktari akabonyeza kidole mbele ya sikio, kudunda kukakoma. Akaachia, kukaanza tena. Akasema, “Hili si jipu, mama. Ni damu.” Akanieleza kwamba kichwa kilipogongwa, mshipa wa damu ulichanika upande mmoja, damu ikajifanyia kifuko chini ya ngozi, kikawa kinakua wiki hadi wiki. Wembe ungekipasua, ile damu tungeizuia na nini? Wakampa dawa ya usingizi, wakaufunga mshipa huku na huku, wakakitoa kifuko. Jana ameomba uji mara mbili na kumvua nesi kofia.

Sasa mama, kaa vizuri. Daktari aliuliza mtoto aligongwaje, na wifi yangu Oliva alikuwa pale amempakata. Nilikuandikia kwamba Oliva alimwangusha mlangoni. Si kweli. Nilikuwa natwanga mahindi na wenzangu wawili kinu kimoja, mtoto mgongoni, nikaanza kurusha mchi na kupiga makofi kabla ya kuudaka, kama tulivyoshindana usichana wetu. Wakanishangilia. Mara ya tatu sikuudaka, ukamgonga Paskalina alipochungulia begani kwangu. Tangu hapo wewe huitikii salamu za Oliva, naye alijua yote akanyamaza. Nilimweleza daktari ukweli mbele yake. Oliva akasema tu, “Kumbe unaweza kusema, wifi. Huo mchi wako umenilemea mabega.”

Nisamehe, mama. Ila nakuomba, tena kwa hili sirudi nyuma: hasira zote zilete kwangu. Baba Paskalina anakusalimu sana, na mjukuu wako angekusalimu kama asingekuwa anaivuta hii karatasi. Msalimie Isidori na wote wa nyumbani.

Barua hii anakuletea Oliva mwenyewe kwa basi la kesho. Kama umemwacha amesimama mlangoni wakati unasoma, inuka sasa, mama, umpe kiti.

Ni mimi mwanao,
Fausta