Ulitugeuza Ukutani kwa Mkono Mtupu

Mwaka umezunguka tangu ututoke, baba yetu, babu yetu, uliyeitwa na mtaa mzima Fundi Ndimu kwa samaki uliowauza.

Wema wako tunao moyoni. Aliyekuja ukiwa umeshafunika jiko hakurudi na njaa. Mtoto akikodolea macho sahani ya mtu, ulimwita: "Njoo ule, macho hayashibi." Na ndimu ulizichagua mwenyewe, ukizipima kiganjani. Nyepesi ulizirudisha, ukisema ni ahadi ya mlevi.

Kazi nyingine yote ilikuwa ya mkeo. Ndiye aliyeviringisha ndimu mezani mpaka zikalegea, akazikamua huku vidole vikimwasha. Ndiye aliyekaanga bizari kwenye kikaango kikavu, akatwanga kitunguu saumu na tangawizi, akachanja samaki ubavuni ili viungo viingie. Kisha unaita, "Ukutani!" Basi sote, hata mkwe aliyekuja kusalimia tu, tunageuza nyuso ukutani, nawe unatia bakulini kile kitu cha mwisho. Tulikuwa tunacheka. Mkeo akikuuliza utamwonyesha lini, unamjibu, "Nitakuachia wewe, mke wangu. Nani mwingine?"

Hukumwachia. Uliondoka umefumba mdomo.

Tangu hapo anakitafuta. Alitia siki, samaki wakawa wachachu. Alitia asali, wakaungua nje, ndani wabichi. Alitia kungumanga, yule fundi viatu wa kona akasukuma sahani: "Mama, huyu samaki au dawa ya kikohozi?" Wateja wakapungua mmoja mmoja, mpaka binti yako akaanza kusema jiko lizimwe.

Juzi akaja Kipara, rafiki yako wa kufa na kuzikana. Akamkuta mkeo ananusa mdalasini.

"Shemeji, unahangaika na nini? Mbona alikuwa hatii kitu!"

"Hatii kitu wapi?"

"Kwenye bakuli. Alikuwa anapitisha mkono mtupu. Aliniambia mwenyewe, tukacheka mpaka machozi. Eti, 'Wakijua kwamba wanajua, mimi wataniitia nini?'"

Mkeo aliweka mdalasini chini. Kilichomchoma si uongo, maana uongo wa mume huzoeleka. Ni kwamba Kipara alijua. Mwenye vidole vya kuwashwa anatazama chokaa ya ukuta, na nyie wawili mnamcheka kisogo. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Na tungekuita tu, baba. Ungekaa pale na mikono yako mitupu, bado tungekuita.

Jana mkeo aliunga samaki kwa ndimu, saumu, tangawizi, bizari, pilipili manga na chumvi. Basi. Wajukuu kwa mazoea wakageukia ukutani. Akawaambia, "Geukeni huku, mwone."

Fundi viatu alikula, akalamba vidole, akauliza, "Mama, mzee kafufuka?"

"Hakuwa yeye," mkeo akamjibu, akamwongezea kipande.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado hajakusamehe, binti yako, ambaye haongelei tena kuzima jiko, mkweo, na wajukuu wako wote, ambao sasa wanajua. Kipara hatukumtia kwenye orodha hii, aende akakukumbuke peke yake.

Kukusahau hatuwezi hata tukitaka. Kila ndimu ikikatwa, upo.