Dawa ya Nyumba Nzima

Kabuta, Ijumaa usiku

Na bado Mama anaisahau ile mbili! Nilimwandikia mlinganyo, x/3 + 2 = x/2. Sehemu zote mbili alizizidisha kwa sita, vizuri kabisa, lakini 2 akaiacha vilevile.

"Ile haiko mugonjwa," alisema. "Juu ya nini niipatie dawa?"

Nilikasirika, kisha nikacheka. Nikamkumbusha kipindupindu cha kambi ya wakimbizi: mgonjwa alikuwa mmoja, lakini nyumba nzima tulinyweshwa dawa, hata wazima.

"Aa! Basi na yeye akunywe," alisema, akaandika 12 mahali pa 2. Jibu likatoka.

Mtihani wake wa elimu ya watu wazima ni Jumatatu. Mama aliacha shule kule Kongo alipopata mimba yangu, na hajawahi kunilaumu. Naogopa asije akafeli, zaidi ya nilivyoogopa mitihani yangu mwenyewe.

Nilimpa mlinganyo mwingine, nikasimama nyuma yake.

"Weye mutoto, toa macho hapa," alisema, akifunika karatasi kwa mkono. "Jumatatu utakuwa nyuma yangu?"

Nikatoka nje. Aliponiita, nilitazama uso wake kabla ya karatasi. Alikuwa anajizuia kucheka.