Code ya Nzanzu

Jumatatu, 6 Octobre
Barabara ya Beni imeharibika tena — adui wanapiga magari risasi. Directeur Kataliko amekataza: hakuna mutu wa bureau yetu ya Butembo atapanda kule kutengeneza serveur, ile mashine inayotunza dossier zetu. Donc nitaingia kwa réseau, kutoka hapa kwangu, mtaa wa Kimemi. Nimeanza kuweka programu ya kuifikia kutoka mbali. Mais password peke yake haitoshi. Mule kuna dossier za bamama waliotoroka adui, na nyumba wanamojificha mpaka siku ya kusema mbele ya tribunal. Mutu mubaya akiingia — hapana, sitaki hata kuwaza.

Jumatano, 8 Octobre
Module ya kuuliza code imenitesa! Nilikosea mustari mumoja tu, serveur ikanikatalia. Bahati nilikuwa nimeacha dirisha ya zamani wazi kwenye écran, nikasahihisha. Nzanzu, mwenzetu wa Beni, akacheka kwa simu: Dada Kaswera, unataka tulale wote inje?
Sasa inaenda. Unaandika password, kisha code inayobadilika-badilika kwenye simu yako. Tuko nayo mimi na yeye tu. Amejaribu kutoka kwa simu yake, imemufungulia.
Kesho anaenda Mbau kumuondosha mama yake kwenye shamba. Nilimuambia angoje. Anasema mama ni mama.

Ijumaa, 10 Octobre
Adui wameingia Mbau. Nyumba zimechomwa. Simu ya Nzanzu haipite.

Jumamosi, 11 Octobre
Mama yake wamemukuta katikati ya kakao. Wamemuzika na bengine. Nzanzu hayuko kati ya maiti. Wanasema vijana walichukuliwa kubeba mizigo porini.
Jemima, muke wa Nzanzu, ameshuka na convoi ya basoda wa serikali. Yuko kwangu. Hakuli. Ananiuliza: kama hayuko kati ya waliokufa, si ni muzima? Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Siku ya Mungu, 12 Octobre
Sikuenda misa. Nimefungua journal ya serveur, pale inapoandika kila anayegonga — mutu anajaribu kuingia kwa jina la Nzanzu! Password mubaya. Mubaya tena. Kisha ya kweli. Code akaikosa: aliandika ile iliyokwisha kubadilika.
Nikamuita Directeur. Akapaza sauti: Funga compte yake sasa hivi! Wako na simu yake, wanatafuta wale bamama!
Nikaandika amri ya kufunga. Jemima akanishika mukono.
— Na kama ni yeye, Dada? Kama amejificha fasi fulani porini, anatafuta njia ya kutuambia?
— Na kama wamemuwekea kisu shingoni?
— Basi ukifunga, watamufanyia nini?
Bamama wale pia wako na batoto.
Directeur amepiga tena: Umefunga? Nimesema ndiyo.
Sijafunga. Amri iko kwenye écran, sijaifinya. Jemima amepiga magoti, anaomba kwa Kinande, anataja jina la Nzanzu tu, jina lake tu.
Mustari mupya kwenye journal. Password, ya kweli. Sasa inamuuliza code.