Shikamoo, Mama Mdogo

Shoga, mhadhiri wako akikuamkia mbele ya walimu watarajiwa themanini, unaitikia au unakimbia? Mimi nimekimbia. Niko chooni.

Lilikuwa somo la anthropolojia. Mhadhiri alitaka tuchore koo zetu ubaoni kwa zamu, pembetatu kwa wanaume, duara kwa wanawake, kwa kuwa mwalimu asiyeujua ukoo wake hatauelewa wa mwanafunzi. Nikachora kwa moyo wote.

Akasogea, akagusa duara la shangazi yangu mkubwa, kifungua mimba wa babu, ilhali baba yangu ni kitinda mimba. "Huyu ni bibi yangu, mzaa mama." Akahesabu upya kwa kidole: mama yake na mimi ni watoto wa ndugu. Kisha yule mzee mwenye mvi, aliyefelisha nusu ya darasa muhula uliopita, akainamisha kichwa: "Shikamoo, mama mdogo."

Mama mdogo! Mimi!

Darasa likalipuka. Mmoja nyuma akapaza sauti: "Basi A yake iko mfukoni, mwana hamnyimi mama!" Hilo ndilo lililonichoma. Alama zangu zote nimezitolea jasho.

Shoga, nimerudi darasani. Nikasimama mbele yao wote, nikasema: "Marahaba, mwanangu. Kuanzia leo kazi zangu zisahihishwe na mhadhiri mwingine."